Maisha Mepesi, Mtungi Mzito

Mwaka jana nililipwa shilingi 4,000 kuandika maneno ya kuuza utulivu. Mwenye kazi alikuwa na nyumba za wageni zinazotazama maji pale Kilifi: paa za makuti, sabuni ya mafuta ya nazi bafuni, hakuna televisheni. Alitaka aya tatu za kuweka mtandaoni. Nikampa. Rudi kwenye asili. Acha kelele za mji. Kula alichokula babu yako. Alifurahi mpaka akaniongezea mia tano. Jioni hiyo hiyo lori la maji likaingia, likajaza matanki mawili nyuma ya jikoni, mahali ambapo kamera ya wageni haifiki. Nikapanda matatu kwenda kwetu Ganze, na njia nzima minazi ilivyokuwa ikipungua na vichaka kuongezeka, nilikuwa na aibu ambayo sikujua niiite nini.

Sasa najua. Naandika haya kuyapinga maneno yale, yangu na ya wenzangu wote tunaoyaandika kwa malipo au kwa kutafuta wafuasi. Haya maisha mepesi yenye afya tunayoyaona kwenye simu ni mepesi kwa sababu kuna mtu nje ya picha anayebeba uzito wake. Kwenye mahoteli mtu huyo ni dereva wa lori na kibarua. Kwenye familia, mara nyingi ni mama, au dada mdogo. Familia inayotaka kubadilisha maisha wakati mambo yamekaza imtafute mtu huyo kwanza, kabla haijagusa sufuria.

Video zenyewe mnazijua. Mwanamke ndani ya kanga safi anakoroga uji wa mtama kwenye chungu. Jua la asubuhi. Kikapu cha ukili chenye mboga zisizo na hata chembe ya mchanga. Mtoto anatembea pekupeku, anacheka. Chini yake maandishi: tuliuza vitu vyote, tukaanza upya. Baada ya Juni 2024, vijana walipotoka barabarani kupinga Mswada wa Fedha na wengine hawakurudi nyumbani, video hizi niliziona zikizidi kwenye simu yangu. Sishangai. Watu wamechoka. Kazi hakuna, kodi iko juu, mikopo ya simu inaita kila asubuhi, na mtu akikwambia kuna mlango wa kutokea unaofunguka kwa kuacha sukari na kununua chungu, utamsikiliza. Mimi nilimsikiliza. Tatizo langu ni kwamba nilikuwa na familia ya kufanyia majaribio.

Ilikuwa Septemba 2022. Nilikuwa nimetoka chuoni mwaka wa tatu, karo ikiwa imenishinda, na nilirudi nyumbani na begi moja na laini yenye deni. Baba alikuwa nyumbani tangu 2020, hoteli aliyokuwa akifanya kazi Malindi ilipofunga kwa sababu ya korona na isimuite tena. Serikali ilikuwa imetangaza ukame kuwa janga la kitaifa Septemba 2021, na mwaka mzima baadaye tulikuwa bado ndani yake. Misimu mitano mfululizo mvua ilikataa katika maeneo kame ya nchi, na bara ya Kilifi ilikuwa humo. Ukienda upande wa Bamba ulikuta mizoga ya ng'ombe kando ya njia. Pakiti ya unga ya kilo mbili ilikuwa imepita shilingi 200 kabla ya uchaguzi, ikateremshwa kwa ruzuku hadi 100 kwa wiki chache za Julai na Agosti, kisha ruzuku ikaisha na sisi tukabaki na njaa zetu.

Katikati ya hayo yote mama akapimwa, akaambiwa ana presha. Muuguzi alimwambia apunguze chumvi na mafuta, ameze vidonge kila siku, apumzike, apunguze mawazo. Mama alituletea habari hizo akicheka. "Nipunguze mawazo," alisema, "niyapeleke wapi?"

Mimi sikucheka. Nikaona nimepata kazi. Mtu aliyeacha chuo anarudi nyumbani na aibu, na aibu hutafuta kitu cha kusimamia. Nikakaa na simu siku tatu, bando la mwisho likaishia hapo, nikatoka na ratiba. Niliiandika kwa kalamu nyekundu nikaibandika ukutani, sebuleni, karibu na kalenda ya kanisa. Sukari hakuna. Mahamri hakuna. Mafuta ya kukaangia hakuna. Unga mweupe wa dukani tuuache, tule mtama na kunde kama wazee. Mboga ziwe za kienyeji: mnavu, mwangani, mchunga ambao kwetu tunauita mutsunga. Nilikuwa na hoja nzuri, na niseme wazi kwamba nyingi zilikuwa kweli. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 uliona karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini ana presha. Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi isizidi gramu tano kwa siku, kama kijiko kidogo cha chai. Mtama na kunde ni chakula kizuri. Katika hayo sikuwa mwongo.

Nilikuwa na sentensi moja tu mbaya, na sikuiandika ukutani. Nilimwambia mama: "Ukila hivi, hivyo vidonge utaviacha."

Wacha sasa niwaonyeshe ratiba yangu iligharimu nini, kwa sababu hakuna video inayoonyesha.

Mutsunga ni mchungu. Unauosha mchanga, unauchemsha, unamwaga maji, unachemsha tena. Lakini huo ulikuwa ukame, mboga za porini zilikuwa zimekauka karibu na nyumba, kwa hiyo dadangu wa miaka kumi na tano aliteremka hadi bondeni kuzitafuta, akarudi na konzi mbili. Mtama unaupepeta, unauosha, unautwanga au unaupeleka kwenye mashine ya kusaga na kulipa. Kunde kavu zinakaa motoni saa nyingi. Moto ule ni wa kuni, juu ya mafiga matatu, ndani ya jiko lisilo na dirisha la maana, na anayekaa na ule moshi ana presha. Kabla ya ratiba, nyumba yetu ya watu sita ilitumia mitungi minne ya maji kwa siku. Baada ya ratiba ikawa mitano, siku nyingine sita. Mtungi ni lita 20, yaani kilo 20 za maji kichwani au mgongoni. Silanga la karibu lilikuwa limebaki tope, la pili lilikuwa mwendo wa saa nzima kwenda, halafu ukapange foleni nyuma ya punda na watoto. Ukinunua kwa mwenye mkokoteni, mtungi ulikuwa shilingi 30, siku mbaya 50.

Mitungi hiyo sikuibeba mimi. Nilikuwa "naandika". Baba naye alikuwa na mawazo yake chini ya mwembe. Hakuna aliyetuamuru tukae. Hakuna pia aliyeshangaa kwamba tumekaa.

Na yale mahamri niliyoyapiga marufuku? Mama alikuwa akiyanunua asubuhi kibandani, shilingi kumi moja, akatupa na chai ya mkandaa. Nilimhubiria wiki nzima juu ya mafuta na unga mweupe. Sikuwahi kujiuliza alikuwa ananunua nini hasa. Alikuwa ananunua saa moja. Kwa shilingi hizo mtu mwingine alikuwa ameshachota maji, ameshawasha moto, ameshavuta moshi. Mama anaamka saa kumi na moja alfajiri kufuata maji. Akipata kifungua kinywa kisichohitaji moto, anapata nafasi ya kukaa kidogo kabla jua halijapanda. Nilichokiita tabia mbaya ya kula kilikuwa hesabu ya mtu anayejua bei ya kila kuni.

Ukielewa hilo, utaona kwa nini mawaidha ya afya hayashiki. Tunawaambia akina mama wa Ganze, na wa Kisauni na wa Kibera vilevile, waache vyakula vya haraka, kana kwamba wanavipenda kwa ujinga. Chipsi za kibandani, maandazi, ule mchuzi wa kutia unga wa viungo vya pakiti, vyote vinaokoa muda, maji na makaa. Ukimnyang'anya mtu kinachomwokolea muda na usimpe muda mwingine mahali pake, umemwongezea kazi tu. Na kazi ndiyo iliyompandisha presha tangu mwanzo.

Mwezi wa pili wa ratiba mama aliketi njiani akitoka silangani. Alitua mtungi chini ya mti, akasema apumue, na hakuweza kuinuka. Jirani mwenye bodaboda ndiye aliyemleta zahanati. Wakampima: 178 kwa 110. Mwanzo alikuwa na 150 kwa 95. Muuguzi akauliza, vidonge unameza? Mama akanyamaza. Akauliza tena. Mama akanitazama mimi kidogo, halafu akatazama sakafu, akasema alikuwa ameviacha wiki tatu, kwa sababu mtoto wake aliyesoma alimwambia chakula kitatosha, na pesa ya vidonge iliingia kwenye maji.

Muuguzi hakunikaripia, na ningependa angenikaripia. Alisema tu, polepole, kama anayesomea watoto, kwamba chakula kinasaidia dawa, hakichukui nafasi yake mpaka daktari aseme. Mama akarudi kwenye vidonge. Alipona, yaani presha ilishuka, maana ugonjwa huu hauponi, unaishi nao. Lakini mimi ile sentensi yangu naibeba mpaka leo, na kila nikimwona kijana mwenye simu nzuri akisema "achana na madawa, rudi kwenye asili", namuona mama ameketi chini ya mti ule.

Nilijitetea kwa hawe. Nilimwambia, lakini nyinyi mlikula mtama na mboga za porini maisha yenu yote, na hamkuwa na presha. Hawe ana zaidi ya miaka themanini na hapendi kusifiwa kwa kitu alichokifanya kwa kukosa njia nyingine.

"Siku hizo nyumba ilikuwa na watu kumi na wawili," alisema. "Kinu kimoja, michi mitatu. Tulitwanga tukiimba kwa sababu tulikuwa wengi. Wewe umemtwisha mamako kinu, ukaenda kukaa na simu. Hiyo asili yako umeitoa wapi?"

Akaongeza kwamba mutsunga waliula kwa sababu walikuwa na njaa, na siku walipopata nyama hakuna aliyeukumbuka.

Maneno ya hawe yalinirudisha kwenye historia tuliyofundishwa nusu. Tunapenda kusema Ganze ni maskini kana kwamba tulizaliwa na umaskini kama rangi ya ngozi. Wagiriama walikuwa wauzaji wa nafaka. Karne ya kumi na tisa, miji ya pwani kama Takaungu na Malindi ilinunua chakula kutoka kwa wakulima wa bara. Chakula kile kilitokana na mikono mingi kwenye shamba moja. Waingereza walipokuja walitaka kodi, na walitaka vijana wakafanye vibarua kwingine, na baadaye wakawaamuru watu wahame mashamba yenye rutuba kaskazini ya mto Sabaki. Mekatilili wa Menza tunamchora kwenye fulana, lakini mwaka 1913 alisimama kwa jambo la nyumbani kabisa: msichukue vijana wetu, msichukue mikono inayolima. Alikamatwa, akapelekwa Kisii, mbali na kwao, na mapigano yakafuata mwaka 1914. Kwa hiyo mtu akiniambia turudi kwenye maisha ya babu, namuuliza: na mikono utairudisha? Chungu peke yake kinauzwa sokoni.

Kuna mfano mwingine, na sitaki kuupita kwa sababu uko karibu nasi mno. Shakahola haiko mbali na kwetu, ni bara hii hii ya Kilifi, upande wa Malindi. Familia zilihamia msituni zikimfuata mhubiri aliyekuwa ameyapinga mashule na hospitali. Wengine waliacha kazi, wengine waliuza mali. Aprili 2023 makaburi yakaanza kufukuliwa, na miili ikapita 400, watoto wengi wakiwa humo. Mhubiri alishtakiwa na akakana mashtaka. Hilo ni la mahakama. Najua kula mtama si kuingia Shakahola, na sitaki kumtukana mtu anayelima mboga nyuma ya nyumba. Ninachosema ni hiki: dunia ikimbana mtu, anayemwambia "acha vyote, ishi kirahisi" anapata masikio haraka sana. Na wanaolipa kwanza ni wale ambao hawakuulizwa. Mtoto hawezi kukataa kuhama. Mama yangu hakuweza kukataa ratiba, maana ilitoka kwa mwanawe aliyempeleka chuo kwa kuuza mbuzi. Mimi sikuwa nabii wala tapeli. Nilikuwa kijana mwenye nia njema na kalamu nyekundu, na hata hiyo ilitosha kumfikisha chini ya mti.

Kuna atakayesema: kwa hivyo unataka tule chipsi tukinywa soda mpaka tufe? Hapana. Mambo yakikaza ndipo afya inahitajika zaidi, na nyumba yetu imebadilika kweli. Ila tulianza upya kwa swali tofauti. Badala ya "tuache kula nini?" tuliuliza "mama atue nini?"

Kwanza tulitua maji. Baba na mimi tuliingia kwenye foleni ya silanga. Msiseme ni jambo dogo. Kwetu mwanamume mzima akibeba mtungi bila mkokoteni kuna watakaocheka, na walicheka. Wiki ya pili mzee mmoja alimuuliza baba kama mkewe amemroga. Baba akamjibu kwamba mkewe ana presha, na yeye anampenda akiwa hai. Sikuwahi kumsikia baba akitamka neno hilo. Pale foleni palinyamaza, na punda peke yake ndiye aliyesema kitu.

Halafu tulitafuta mabadiliko yasiyoongeza kazi. Chumvi tuliitoa kwenye sufuria, kila mtu akajitilia kidogo mezani, na hilo halikugharimu hata senti. Kunde tuliziloweka usiku kucha na kuzipika kwa kufunika, zikaiva kwa kuni chache. Sukari tuliipunguza kijiko kwa kijiko, bila hotuba. Mahamri yalirudi, mara mbili kwa wiki, na mama huyala bila mtu kumhesabia. Mtama tunaula msimu ukiwapo, na anayetaka kula mtama ndiye anayeupeleka mashine. Unga wa dukani upo. Vidonge vipo, na pesa yake hutengwa kwanza, kabla ya bando langu.

Kubwa lilikuwa gata. Mama aliomba mkopo kwenye chama chao, tukanunua tanki la lita 1,000 na gata za mabati. Hesabu yake kila nyumba yenye paa la bati inaweza kuipiga: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa letu lina kama mita 30 za mraba. Mvua ya milimita 20 inatoa lita 600, toa zinazomwagika, bado ni kama mitungi ishirini na tano ambayo hakuna kichwa kilichoibeba. Mvua ziliporudi mwaka 2023, na mwishoni mwa mwaka huo El Niño ikazidisha mpaka barabara zikakatika, tanki lilijaa, likamwagika. Dadangu alikaa shuleni muhula mzima bila kukosa siku kwa ajili ya maji. Hakuna chakula chochote nilichosoma kwenye simu kilicholeta afya ya namna hiyo nyumbani kwetu.

Lakini tanki la lita 1,000 halitoshi ukame wa misimu mitano, na hapa ndipo hasira yangu ya kweli ilipo. Maji ya Baricho, kutoka visima vya kando ya mto Sabaki, yanasafiri kwa bomba hadi Malindi, Kilifi na Mombasa. Wageni wanaokuja pwani kuishi kirahisi wanaoga nayo. Nyuma ya ukanda huo wa bahari, vijiji vingi vya Ganze vinangoja silanga lijae au lori la serikali lije. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya maji safi ya kutosha, sentensi chache tu kutoka pale inapompa haki ya afya. Waliyoiandika walielewa kwamba mambo haya yanakaa nyumba moja. Viongozi wetu wanakuja na malori ya maji wakati wa kiangazi, wanapigwa picha wakishika mpira, halafu wanatuhubiria tupande miti ya matunda na kula mboga. Ukimletea mtu mawaidha ya lishe kabla ya bomba, unamwambia ugonjwa wake ni kosa lake.

Kwa hiyo wewe unayesoma haya Nairobi, au Mtwapa, au Kilifi mjini, ukiwa umechoka na unataka familia yako iishi vizuri zaidi kwa vitu vichache zaidi: fanya. Sikuzuii. Ila kabla ya kutangaza ratiba, kaa siku moja ukiandika kila kazi inayofanywa ndani ya nyumba yako na jina la anayeifanya. Nani anaamka kwanza? Nani anaosha hicho chungu kizuri ambacho hakitaki sabuni ya kawaida? Yule dada wa kazi unayemlipa elfu chache kwa mwezi, umemuuliza kuhusu kuacha mashine ya kufulia na kurudi kwenye karai? Ukikuta jina moja linajirudia kila mstari, anzia hapo. Beba mistari miwili, mitatu. Baada ya mwezi muulize huyo mtu anataka kula nini, halafu mpike hicho.

Na wenzangu waandishi wa vibarua, tunaolipwa kuandika "rudi kwenye asili": najua bei ya unga, sitawaambia mkatae kazi. Mimi nazichukua bado. Ila ile aya ya nyumba za makuti nimerudi kwa mwenye nayo nikamwomba tuongeze mstari unaotaja maji yanatoka wapi na nani anayaleta. Alisema wageni hawaji Kilifi kusoma habari za malori. Hajanipa kazi nyingine tangu siku hiyo.

Ratiba yangu ya kalamu nyekundu bado iko ukutani, ila imegeuzwa. Nyuma yake dadangu ameandika zamu za maji kwa mwandiko wake wa shule, majina ya watu wote wa nyumba, isipokuwa hawe na mama. Mama alilalamika kuachwa nje, akapewa kazi ya kukagua. Jina langu liko Jumanne na Jumamosi. Leo ni Jumamosi, tanki limeshuka chini ya robo, na foleni ya silanga huwa fupi kabla ya saa kumi na mbili.